Mkaguzi wa Fizi za Shangazi

Siku ya kwanza kazini niliripoti nikiwa na kaptula ya shule na tochi ya simu. Nilikuwa darasa la saba, huko kisiwani Mbwera, na aliyeniajiri ni shangazi yangu, Mwalimu Zuhura. Jioni ile alishuka kwenye boti la mashine akitokea Dar es Salaam, mtandio umefunika nusu ya uso. Alinikalisha kwenye benchi la nje, akaufunua. Mdomoni kumejaa vyuma.

"Ukicheka nakurudisha kwa baba yako kule Mchukwi."

Nilicheka. Hakunirudisha. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, na alijua kabisa mimi nikiondoka atabaki na kuku.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaodhani kazi ni mpaka uwe na ndevu. Mimi nimestaafu nikiwa kidato cha pili, ndevu sina, pensheni sina.

Kwanza mjue kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini na mbili afungwe waya kama uzio wa kuku. Shangazi hakuzaliwa na meno mabaya. Fizi zake ziliumwa kimyakimya miaka mingi, mfupa unaoshika meno ukapungua, na meno ya mbele yakaanza kutembea, moja huku, moja kule. Akaacha kucheka. Harusini alikuwa anafikisha zawadi mlangoni na kugeuza. Watu wakasema mwalimu anajidai. Jioni alikuwa anasahihisha madaftari, mimi nikijifanya nasoma, na kwa saa nzima sauti ilikuwa ya kalamu yake tu. Nilikuwa mtu pekee Mbwera aliyeyajua meno yake.

Mkuu wetu wa juu alikuwa Daktari wa Waya, kule Dar. Miezi kadhaa alikataa kumfunga chochote. Alianza kumkwangua ugaga, yaani uchafu wa meno uliogeuka jiwe, mpaka ule uliojificha chini ya fizi. Damu ilipokoma ndipo akagandisha vile vifungo vya chuma na kupitisha waya.

"Mfupa uliopotea haurudi wenyewe, mwalimu," alimwambia. "Huo uliobaki ndio mtaji wetu. Tafuta mtu akukague kila siku. Mwenyewe utajionea huruma."

Mtu huyo ndiye mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Mswaki laini, umelazwa ili nywele zake zielekee pale fizi inapokutana na jino, unatikiswa taratibu, siyo kusugua kama sufuria. Juu ya vyuma, chini ya vyuma, nyuma ya meno. Halafu kijibrashi chembamba kinachopita chini ya waya, katikati ya jino na jino, kinatoa utando laini ambao ukiuacha ndio unaoila fizi. Mimi nilihesabu kwa sauti, nikamulika tochi, nikatazama rangi. Fizi yenye afya imebana jino. Fizi inayoumwa imevimba, inang'aa, ukiigusa inatoa damu.

"Fungua. Pandisha mdomo. Nani kakuruhusu kula korosho?"

"We mtoto, mimi ndiye mwalimu wako wa hesabu."

"Huku wewe ni mgonjwa wangu. Rudia upande wa kulia."

Alirudia. Mwalimu mkali kuliko wote kisiwani alirudia upande wa kulia. Cheo kitamu sana kile.

Sasa niseme kosa langu, maana wastaafu wengi wanasimulia ushujaa tu.

Mfungo wa Ramadhani ulitukuta waya una miezi minne. Siku ya pili, baada ya daku, shangazi alitema mate mekundu. Akashtuka. Alihofia kupiga mswaki karibu na adhana, damu impite kooni, saumu yake iharibike. Na fizi ilikuwa inamuuma. Akaniuliza, "Tufanyeje, mkaguzi?"

Nikaona huruma. Kwetu kidonda hakiguswi mpaka kikauke, na mimi nikaichukulia fizi kama goti. Nikasema, "Hapo mbele tupaache papumzike. Sukutua maji ya chumvi tu, mpaka Idi."

Tukapaacha. Hata usiku baada ya futari, alipoweza kusafisha bila wasiwasi wowote, tulipaacha. Kila siku nilimulika, nikaona pamevimba zaidi, nikasema "safi" kwa sababu alikuwa amechoka na mimi nilitaka kulala.

Baada ya Idi tulipanda boti maji yalipojaa, tukashuka Nyamisati, tukashika gari mpaka Kibiti, kisha basi la Dar. Daktari wa Waya alishika jino moja la mbele kwa vidole viwili. Likatikisika. Akachukua kijiti cha chuma chenye alama, akapima uwazi kati ya fizi na jino, akatazama picha ya eksirei. Shangazi akamweleza kuwa tulipaacha papumzike.

"Nani kakwambia fizi inayotoka damu iachwe ipumzike?"

Shangazi akatazama sakafu. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

"Mimi, daktari," nikasema. "Shikamoo."

Akaweka kijiti chini. "Marahaba. Sikiliza, bwana mdogo. Fizi inatoka damu kwa sababu ni chafu. Inataka kusafishwa kwa upole, haitaki likizo. Waya unavuta jino lipite ndani ya mfupa. Fizi zikiwa nzima, mfupa unajijenga nyuma ya jino. Zikiwa zinaumwa, tukivuta tunaumaliza mfupa."

"Kama nguzo ya dungu," shangazi akasema polepole. Dungu ni kile kibanda cha juu kwenye shamba la mpunga. "Unaweza kuisogeza ikiwa udongo umeshika. Maji yakishaula udongo, inaanguka."

"Ndiyo hiyo. Nalegeza waya. Miezi mitatu sivuti kitu. Damu ikikoma, tunaendelea. Isipokoma, natoa vyuma vyote, na kuhusu jino hili siahidi kitu."

Kwenye boti la kurudi shangazi alijifunika mtandio mpaka machoni. Nikajaribu utani, nikamwambia likitoka tutamtengenezea la mkoko. Akageukia maji mpaka tunafika. Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile, na tulikaa bega kwa bega.

Miezi mitatu ile sikusema "safi" ya uongo hata mara moja. Alilia, nikahesabu. Alinitukana kwa Kindengereko, nikahesabu. Wiki za mwanzo damu ilitoka, kisha ikawa tone, kisha siku moja akatema povu jeupe tupu, tukalitazama pale kwenye mchanga kama watu waliookota lulu. Daktari alipopima tena, jino lilikuwa limeshika. Akakaza waya. Neno lake lilikuwa moja: "Endeleeni."

Kituo changu cha pili kilikuwa Kibiti, shangazi alipohamishiwa shule ya huko nami nikaanza sekondari. Kazi ilizidi ugumu. Mahindi ya kuchoma kila kona, na kelele za bodaboda zinakupoteza hesabu. Lakini mwisho wa kidato cha pili vyuma vilitoka. Daktari akamgandishia waya mwembamba nyuma ya meno ili yasitembee tena, akamwambia usafi ni wa maisha. Wiki ileile shangazi alialikwa harusi. Akaingia ndani. Akakaa mpaka mwisho. Nilimngoja nyumbani na tochi, akarudi anaimba, akaniambia ameshapiga mswaki mwenyewe, nilale.

Hivyo ndivyo nilivyostaafishwa. Hakuna hafla wala khanga ya kuniaga.

Sasa nipo shule ya bweni. Asubuhi ya kwanza bombani nilijikuta nahesabu kwa sauti, "juu, chini, nyuma," wenzangu wakacheka mpaka nikapewa jina la Kondakta. Nikaacha kuhesabu. Baadaye nikaacha na mengine. Bwenini tuko arobaini, na hakuna anayejua nani kapiga mswaki.

Siku ya wazazi shangazi alikuja. Alisimama getini akacheka na mlinzi, mdomo wote wazi, mpaka watu wakageuka. Nikamfuata, nikaichukua simu yake, nikawasha tochi.

"Fungua. Pandisha mdomo."

Akafungua, palepale mbele za watu. Fizi zimebana, rangi nzuri, jino letu limesimama.

"Safi," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Akaninyang'anya simu. "Haya. Sasa wewe."

"Mimi mzima, shangazi."

"Fungua, mwanangu."

Nikafungua. Alipandisha mdomo wangu kwa kidole gumba, akatazama. Kidole kilipotoka kilikuwa na damu.

"Huku anakukagua nani?"

Akafungua mkoba, akatoa mswaki mpya laini, akanishika mkono mpaka bombani. Wazazi wa watu wakitutazama, akaanza kuhesabu kwa sauti.