Chemba ya Nne

Mawese yakipata baridi huganda. Hilo kila mtoto wa Kasulu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana bado linaniuma: mimi, mtu wa kidato cha tatu, mwenye B ya fizikia (nusu yake ya kuchungulia kwa jirani, lakini B ni B), nililisahau asubuhi niliyolihitaji kuliko asubuhi zote.

Fundi wa nyumbani kwetu ni dada yangu. Alisomea chuo cha ufundi hapa hapa mjini, akarudi na ovaroli ya bluu na kucha zilizopakwa rangi nyekundu, na majirani hawakujua waanze kushangaa kipi. Baba ana pikapu kuukuu ya kubebea maharage na ndizi. Enzi hizo ikifika mlimani ilikuwa ikihema kama bibi harusi aliyebanwa na gauni. Dada akasema ugonjwa uko kwenye silinda hedi, lile pande la chuma linalofunika injini kwa juu. Akaifungua, akailaza chali juu ya meza ya kukatia nyama, akanionyesha vishimo vinne vyeusi kwa masizi.

"Hizi ndizo chemba. Moto unawaka humu. Gusa hapo ukingoni. Unasikiaje?"

"Kama meno ya mbuzi."

"Ehe. Hayo meno ndiyo yanayokula nguvu. Huko kiwandani hawakuwa na muda wa kuyang'oa. Sisi tunao."

Basi akaanza kuchonga. Alifunga jiwe dogo la kusagia kwenye drili, akaziacha valvu mbovu zimekaa mahali pake ili jiwe lisije likalamba vile viti zinavyokalia, akawa analizungusha ukutani mwa chemba polepole, anapuliza vumbi, anapitisha kidole, anachonga tena. Akimaliza jiwe, msasa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kuchekesha. Nikichekesha sana anazima drili. "Kenge wewe, nikikosea hapa chuma hakirudi. Siyo unga huu, kwamba utaongeza."

Sasa, chemba zote nne lazima ziwe na ujazo mmoja, la sivyo injini inachechemea. Wenye mashine zao wana vipimo. Dada alikuwa na bomba kubwa la sindano ya ng'ombe, plastiki ngumu angavu iliyotobolewa katikati, na mawese ya mama. Plastiki aliitoa kwenye fremu ya picha yangu ya kumaliza darasa la saba, na tangu siku hiyo niko ukutani nakula vumbi bila kinga. Anaipaka grisi pembeni, anaifunika chemba, halafu kupitia tundu anaisukumia mawese. Aliyachagua mawese kwa sababu ni mekundu, unayaona yanavyopanda. Kwenye bomba alichora mstari kwa rangi ya kucha. Unajaza mpaka kwenye mstari, unasukuma yote. Chemba ikijaa pale pale bomba linapokwisha, umefika. Ikijaa mapema, bado ndogo, chonga.

"Hayo mawese ni ya gari au ya maharage?" mama alikuwa anauliza kila siku.

"Ya gari kwanza, mama. Maharage yasubiri foleni."

Alimaliza chemba tatu. Kabla ya kuigusa ya nne, harusi ikafika. Alimpata muuguzi wa Kibondo, kijana aliyetoka pwani kwa ajira ya serikali, anayesema Kiswahili laini mpaka unaona aibu kumjibu. Tulimsindikiza kwa vigelegele. Ngoma zilipokwisha nikarudi uani, nikaikuta hedi imefunikwa kanga yake ya zamani. Sikuchekesha mtu siku hiyo, na mama akaniuliza kama naumwa.

Mafundi wa mjini walikuja kuomba kuimalizia. Baba, ambaye yeye ni dereva tu na hajui hata kichwa cha spana kinaangalia wapi, aliwafukuza wote. "Kazi ya mwanangu haimaliziwi na mtu wa barabarani." Pikapu ikabaki imekaa juu ya mawe, kuku wakataga ndani ya usukani. Sawa, siyo ndani ya usukani. Karibu yake.

Mimi nilizoea kwenda pale nikitoka shule. Naifunua kanga, napitisha kidole kwenye zile tatu: laini, kama ndani ya bakuli. Halafu kwenye ya nne: meno ya mbuzi. Ilikuwa kama kumpigia simu mtu halafu ikakatika katikati ya neno.

Halafu ikaja simu yenyewe. Shemeji kapata uhamisho, wanakwenda Mtwara, mwisho mwingine kabisa wa nchi. Mama akaanza kupanga mambo ya basi la Kibondo twende tukamuage. Dada akakataa.

"Msije na basi. Njooni na gari. Nataka niisikie kabla sijaondoka."

"Gari gani, mwanangu? Si bado chemba moja?"

"Mpeni huyo kenge. Alishika tochi miezi yote hiyo, alikuwa anaangalia nini?"

Baba akanitazama. Nikaenda uani kuifunua kanga.

Ilikuwa likizo ya Juni, na Juni yetu huku juu mnaijua, ukiongea mdomo unatoa moshi kama bomba la trekta. Nilichonga kwa taratibu zake zote: valvu mbovu mahali pake, polepole, kupuliza, kidole. Nilimaliza jioni; safari ilikuwa kesho yake. Asubuhi, jua halijavuka hata paa la choo, nikafunika plastiki, nikajaza bomba mpaka kwenye mstari wa rangi ya kucha, nikasukuma. Mawese yaliingia kwa kujivuta, chemba ikajaa mapema. Ndogo. Nikachonga. Nikapima tena. Ndogo. Nikachonga. Mara ya mwisho ikajaa pale pale bomba lilipokwisha, nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Tuliweka valvu nzima, tukafunga hedi, baba anahesabu nati kwa sauti kama anaita mahudhurio. Ikawaka. Tukapakia mama, mkungu wa ndizi na maharage, tukatoka. Milima ya kuelekea Makere, ile iliyokuwa inatutoa jasho, pikapu iliipanda inaimba! Baba akapiga usukani. "Ego! Ndiyo, wanangu, ego!" Na mimi nikasikiliza, nikasikia huo wimbo una kitu. Tu-tu-tu-tuh. Nikasema ni barabara.

Kibondo, dada alikuwa nje ya nyumba, mizigo imefungwa tayari. Hakutukimbilia. Alisimama na kichwa kimeinama upande, kucha nyekundu zimeshika mdomo, mpaka tukasimama mbele yake.

"Usizime," akamwambia baba. Ndipo akamwamkia.

Akafungua boneti, akashika kitambaa, akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inanguruma. Akichomoa ya kwanza, injini inashtuka, inataka kufa. Ya pili hivyo. Ya tatu hivyo. Akachomoa ya nne. Injini ikanung'unika kidogo tu, kama mtu aliyeguswa usingizini: ya nne haikuwa inasukuma chochote cha maana.

Akanigeukia. "Mawese uliyaanika juani kwanza?"

Kumbe kila siku, nilipodhani anakunywa chai, alikuwa anasubiri chupa ipate joto juu ya bati. Mawese mazito hayafiki kwenye kona. Yanaacha hewa chini, chemba inaonekana ndogo, na mtu mwenye B ya fizikia anaendelea kuchonga.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sanduku la vyombo. Halafu akaacha kucheka, akanifuta masizi puani.

"Imekuwa kubwa mno. Chuma hakirudi, nilikwambia. Dawa yake ni moja: zile tatu zangu zichongwe upya zilingane na yako. Utafanya wewe. Juani."

Shemeji akaja kuita, gari la mizigo limefika. Dada akaingiza mkono kwenye mkoba, akanipa kichupa cha rangi ya kucha, cha kuchorea mstari mpya. Mimi nikamwambia rangi hiyo haiendani na sare ya shule. Hiyo ndiyo kauli niliyomuagia dada yangu.

Likizo imepita, na nyingine imepita. Vifaa vyote ninavyo. Pikapu inabeba maharage, inapanda milima, inachechemea kidogo ikisimama, na mimi nikiwa kitandani naisikia inaingia uani: tatu za dada, moja yangu. Nikizichonga upya, hazitakuwa zake tena.

Juzi baba alinikuta uani, chupa ya mawese ikiwa juu ya bati.

"Vipi, mtaalamu? Lini unaifungua ile hedi?"

"Mawese bado yameganda, baba."

Akaangalia bati. Jua lilikuwa linachoma mpaka mbwa wamejificha chini ya pikapu, na ndani ya chupa mawese yalikuwa mepesi kama chai. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Kweli," akasema. "Yameganda."