Mgongo wa Winchi

Kazi yangu ni kunyoosha migongo ya watu kwa mikono mitupu, bila dawa wala kisu. Ukutani nimebandika karatasi: KUNYWA MAJI, LALA MAPEMA, WAZA MEMA. Miaka kumi na tisa nimeyahubiri hayo mpaka koo limenikauka.

Kila Jumamosi huja mbeba saruji wa ghala la jirani, wenzake humwita Winchi. Huingia amepinda kama ndoano, hutoka amesimama wima, nami hubaki nimevimba kichwa.

Juzi, kabla hajapanda kitandani, aliniambia, "Dokta, leo usininyooshe sana."

"Una wazimu? Mtu anakuja kwangu ili abaki amepinda?"

"Nikirudi nimenyooka, msimamizi anasema nimepona, ananibebesha mifuko miwili. Nikiwa nimepinda ananipa mmoja. Nitulizie maumivu tu, kupinda niachie."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia atafute kazi nyingine, abadili fikra, maisha ni mtazamo. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto.

"Sawa, dokta. Kazi gani?"

Nikamwonyesha kitanda.

Akalala kifudifudi. Vidole vyangu vikaikuta ile pingili iliyohama, ninayoijua kama kitasa cha mlango wangu. Ilihitaji msukumo mmoja tu. Nikasugua pembeni pembeni, nikaondoa mikono, nikamwambia ainuke, tumemaliza.