Moyo wa Laurenti na Injini ya Mkonge

Laurenti alikuwa mtunza injini katika shamba la mkonge nyuma ya Mchinga, miaka ile Mwingereza alipokuwa bado anatawala. Injini yenyewe ilikuwa ya silinda moja, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na ndiyo iliyozungusha mashine ya kuchakata majani. Kazi yake ilikuwa kuitia mafuta, kuipangusa na kuisikiliza. Alikaa kwenye benchi, akaegemea ukuta wa banda na kufumba macho, wageni wakadhani amelala.

Siku za sherehe alipiga chapuo, ile ngoma ndogo inayoshika mwendo ili msondo, ile ngoma ndefu, upate kutamba. Mpiga msondo husifiwa. Mpiga chapuo hukumbukwa siku anayokosea. Laurenti alikuwa hajakosea. Kwa hiyo mpwa wake Lukas alipoingia jandoni, dada yake Stefania hakuona haja ya kumwomba. Kwa watu waliotoka uwanda wa Makonde, mjomba ndiye mwenye mtoto. Mtoto akitolewa jandoni kwa ngoma ya mtu baki, watu huuliza mjomba yuko wapi.

Wiki chache kabla ya siku ya Lukas kutoka, Laurenti akiwa ameegemea ukuta wake, aliweka mkono kifuani. Mapigo yakaenda, yakaenda, halafu moja likapotea. Akasubiri. Yakaenda tena, na tena moja likapotea.

Jumapili alikwenda zahanati. Bakari, dresa aliyetibu wagonjwa pale, alimshika kifundo cha mkono huku akitazama saa, akamwambia kwamba moyo wake ungeweza kuvuta lori. Laurenti hakuridhika. Jumatatu aliporudi kazini, pigo likapotea tena. Akatueleza sisi wenzake wa shambani kuwa ugonjwa wake ni mjanja: siku za kazi unamsumbua, Jumapili unapumzika kama vibarua wengine.

Tangu hapo alitembea kama aliyebeba mayai. Aliacha pilipili. Alimpa jirani jogoo wake, kwa sababu kuwika kwake kulimshtua. Mwisho akapeleka chapuo kwa Nikodemo, aliyekuwa akipiga kama anayefukuza kuku jikoni.

Stefania alipopata habari alifunga ugali na kisamvu, akaenda mpaka bandani. Injini ilikuwa ikinguruma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu nione huo moyo uliomfanya Nikodemo awe mjomba wa mwanangu."

Akamwekea kiganja kifuani pale pale alipoegemea. Uso ukambadilika. Akaketi kando yake, akaegemea ukuta, akaanza kulia taratibu, mkono kifuani kama wafanyavyo wanaolia. Ghafla akanyamaza.

"Na mimi ninao," akasema.

"Dada, huu hauambukizi."

"Ninao, nakwambia. Shika mkono."

Laurenti akaushika. Pigo likapotea. Wakatazamana kama abiria wawili waliopanda lori lisilo na breki. Lakini Stefania hakuwa mtu wa kufa na njaa. Alifungua bakuli, akaliweka juu ya benchi, na wote wawili wakaona mchuzi wa kisamvu ukitetemeka, ukitetemeka, ukatulia kidogo, ukatetemeka tena.

"Laurenti," akasema Stefania, "kisamvu nacho kinaumwa moyo?"

Laurenti akasimama, akasogea katikati ya banda. Akaweka mkono kifuani: mapigo kamili, hakuna pengo. Akaigeukia injini. Ilikuwa inaruka pigo, na kwa muda mrefu kiasi kwamba sikio lake lilikwishalihesabu pengo lile kuwa sehemu ya mlio. Aliumia kama mzazi aliyeambiwa mwanawe ni mwizi. Moyo wake alikuwa tayari kuushuku. Injini aliyoitunza kwa mikono yake hakuishuku hata siku moja.

"Ngoma ya mwanangu umeigawa kwa sababu ya ukuta," dada yake akasema, akaanza kula.

Jioni hiyo hiyo Laurenti alikwenda kuichukua chapuo. Nikodemo alimkabidhi kabla hajamaliza salamu.

Siku ya Lukas kutoka, ngozi zilipashwa kwenye moto wa makuti, Laurenti akaanza. Moyo ulikuwa mzima. Mkono ndio ulioruka pigo. Kornelio, mpiga msondo, alimkata jicho. Laurenti akakaza, na kadiri alivyokaza ndivyo pengo lilivyorudi mahali pale pale. Mara ya kwanza wanawake waliocheza mbele ya Lukas walibaki mguu mmoja hewani. Mara ya pili Stefania akalijaza pengo kwa kushusha bega. Mara ya tatu mabega yote yakashuka pamoja, vigelegele vikapanda, na Kornelio akageuza uso kana kwamba ndivyo walivyofanya mazoezi. Kabla jua halijazama, wapiga ngoma walioalikwa walikuwa wanauliza mtindo ule umetoka wapi. Stefania akawajibu kwamba umetoka kwa mjomba wa mtoto.

Baadaye fundi alikuja kutoka Lindi, akaitengeneza injini ikanyooka. Laurenti aliisikiliza kutwa nzima, akasema imepoa kama chai ya jana. Chapuo yake haikunyooka tena, na hakuna aliyetaka inyooke.

Kilichobaki ni jogoo. Alikwenda kumdai kwa heshima zote. Jirani akamwambia ameshaliwa, tena kwa wali wa nazi. Laurenti akashika kifua, na safari hii pigo moja lilipotea kweli.