Kasha Lililokataa Kufungika

Fundi mmoja wa kike alikuwa na wifi yake, na hapo tayari mmeshajua kutakuwa na maneno.

Fundi huyo wateja walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila bisibisi imechomekwa kwenye nywele, hata msibani. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye duka la baba yake la kutengeneza kompyuta: chumba kimoja kirefu, meza mbili, rafu za mashine mbovu zenye vikaratasi vya majina ya wenyewe, na feni ya ukutani iliyohamisha vumbi kutoka kona hii kwenda kona ile. Meza ya nyuma ilikuwa yake. Meza ya mbele, ya dirishani, ambapo mteja akiingia ndipo anaposalimia na kukaa, ilikuwa ya mzee. Lakini macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na alishatangaza kwamba mwisho wa mwezi meza ile anaiachia. Hakusema anamwachia nani. Bisibisi naye hakuona haja ya kuuliza. Nani mwingine?

Mwingine alikuwepo. Miaka mitatu nyuma, kaka yake alioa msichana mwembamba, mpole, asiyejua hata kuwasha printa. Msichana akaanza kuja dukani kusaidia. Bisibisi akampa tochi ashike, naye akaishika mwaka mzima bila kulalamika, huku macho yakifanya kazi nyingine kabisa. Mwaka wa pili alikuwa anashika bisibisi, na mzee akampa jina la Vidole, kwa jinsi vidole vyake virefu vilivyoingia mahali ambapo mkono wa mtu hauingii. "Huyu ameumbiwa kazi hii," mzee alisema siku moja mbele ya wateja. Bisibisi alicheka pamoja na wenzake. Kisha akaenda uani, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi mpaka mpini ukang'oka.

Tuseme ukweli, kilikuwa kijiba cha roho. Mwenyewe alikiita kwa majina mengine: kujali kazi, kulinda jina la duka. Lakini mtu anayelinda jina la duka hapotezi usingizi kwa sababu wifi yake amesifiwa.

Basi akaja mama mmoja mhariri wa filamu. Kazi yake ilimpeleka mji huu leo na mji ule kesho, na alitaka kompyuta ya mezani yenye nguvu ya kubeba picha nzito kuliko zote, ila iingie kwenye begi la kupanda nalo ndege. Kasha alikuja nalo mwenyewe, la alumini, limezidi kidogo tu boksi la buti. Humo ndani vilitakiwa vikae bodi, prosesa, kipozeo chake, feni tatu, pawa ya kugawa umeme, na kadi ya picha ndefu kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko.

Bisibisi alishanyoosha mikono kulipokea.

"Hilo mpe Vidole," mzee akasema. "Wewe mwanangu, mikono yako ni ya makasha makubwa."

Alisema kwa upendo kabisa, na ndiyo maana iliuma. Halafu akaongeza, "Hii ikitoka hapa bila kasoro, nitajua meza ya mbele ni ya nani."

Kasha dogo halitaki nguvu, linataka mpangilio. Ukikosea kinachotangulia, kinachofuata hakiingii, na ukigundua mwishoni unarudi mwanzo kabisa. Vidole alipima kwa rula kabla ya kugusa chochote. Nyaya za pawa alizikata zote akazifunga upya, kila waya kwa urefu wake, usizidi hata ukucha. Bisibisi alimtazama kwa pembe ya jicho huku akijifanya anasafisha kibodi ya mteja. Kibodi ile ilisafishwa siku nne. Mwenyewe alipokuja kuichukua alidhani amenunuliwa mpya.

Alhamisi jioni Vidole akafunga ubavu wa mwisho, akaiwasha, ikawaka. Ilikuwa haijamaliza hata dakika mbili umeme ukakatika mtaa mzima, usirudi mpaka kesho yake saa nane. Mteja alikuwa anakuja kesho yake saa tisa alasiri.

Ijumaa, kaka alimpeleka mzee kwa daktari wa macho. Saa sita Vidole naye akaondoka kumchukua mwanawe mdogo kwa mlezi. Bisibisi akabaki na kasha peke yake, nalo liko juu ya meza ya mbele, linang'aa, halina hata alama ya kidole.

Hapo akakumbuka plastiki. Kipozeo kipya huja na kipande cha plastiki chembamba upande unaolala juu ya prosesa, na fundi mgeni husahau kukibandua. Kikibaki, joto halina pa kutokea, na mashine inajizima mbele ya mteja wakati fundi anatabasamu. Sasa, Vidole alikibandua? Bisibisi hakuona. Ni kweli dakika ile alikuwa chooni, lakini hakuona.

"Naangalia tu," akajiambia. "Kwa faida ya duka."

Akafungua ubavu. Kadi ikatoka, feni za chini zikatoka. Kipozeo kilikuwa kimefungwa kwa skrubu za nyuma ya bodi, kwa hiyo bodi nayo ikabidi itoke, na nyaya pamoja nayo. Baada ya dakika ishirini kompyuta nzima ilikuwa imetandazwa mezani kama nguo za kupiga pasi. Akainua kipozeo.

Plastiki haikuwepo. Pesti ya kupitisha joto ilikuwa imepakwa nyembamba, sawasawa, hadi pembeni. Nyaya zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi, tena uzi wa kawaida wa cherehani, zikalala bapa pasipo fundo. Kitu ambacho Bisibisi alikitafuta miaka mingi bila kukipata, wifi yake alikipata kwenye boksi la kushonea. Ilikuwa kazi nzuri. Aliitazama sana, akitamani iwe mbaya.

Basi akapaka pesti mpya, akaanza kurudisha. Bodi iliingia. Pawa iliingia. Nyaya zikabaki juu, hazina pa kwenda. Akazisukuma kando, kadi ikakataa. Akailazimisha kadi, ubavu ukakataa, ukabaki umeacha mwanya wa kupitisha kidole. Akatoa vyote akaanza upya. Mara ya pili feni ilikwaruza waya. Mara ya tatu ubavu ulifunga upande mmoja ukafunguka upande wa pili, kama unamcheka. Ilikuwa saa nane kasoro. Jasho lilimtiririka mgongoni na maji yalikuwa yameshamfika shingoni.

"Wifi?"

Vidole alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Nilikuwa naangalia ile plastiki," Bisibisi akasema.

"Niliitoa."

"Nimeona."

Wakatazamana. Kama Vidole angepiga kelele, Bisibisi angejua la kufanya, maana kelele alikuwa nazo za kutosha. Lakini yule aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akavuta kiti.

"Shika tochi, wifi."

Na fundi wa miaka ishirini na miwili akashika tochi.

Kumbe siri ilikuwa ndogo tu. Bodi iliwekewa skrubu nusunusu, ikaachwa inacheza. Nyaya zikapita chini yake wakati bado inacheza. Kadi ikaingizwa kwa kuinamishwa, pua kwanza, na baada ya hapo ndipo skrubu za bodi zikakazwa kwa bisibisi ndefu, kupitia tundu ambalo Bisibisi muda wote alidhani ni la hewa. Ubavu ukafunga bila kusukumwa. Kwa roho aliyokuwa nayo, alitamani ukatae hata mara moja tu.

Mzee alirudi na dawa machoni, na saa tisa mteja akaingia. Mashine ikawashwa, ikapewa filamu nzito kuliko zote alizokuja nazo. Nusu saa nzima feni zilinong'ona tu. Yule mama akalitia kasha begini, akafunga zipu, akazunguka nalo chumbani akicheka mwenyewe, akaaga.

"Nimelipapasa lile kasha kote," mzee akasema baada ya mlango kufungwa. "Hakuna hata kona iliyovimba. Vidole, umefunga vipi?"

"Tumefunga pamoja, Baba," Vidole akajibu. "Wifi ndiye aliyenionyesha mpangilio."

Mzee akageuka alikodhani yuko binti yake. Uso ulimchanua. "Mwanangu! Na mimi nilikuwa nimekudharau. Hapa sina cha kufikiri tena, meza ya mbele ni yako."

Miaka ishirini na miwili alikuwa ameyangoja maneno hayo. Sasa yalikuwa yamekuja, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akamtazama wifi yake. Vidole alikuwa anakunja kitambaa cha kufutia, ametulia, mwema kabisa, hana hata jasho. Na wema ule ulimchoma Bisibisi kuliko vidole, kuliko uzi wa cherehani, kuliko sifa zote za miaka mitatu.

"Baba, si kweli," akasema. "Nililifungua lile kasha nikitafuta kosa la Vidole. Sikuliona. Nikashindwa kulifunga. Yeye ndiye aliyelifunga, mimi nilishika tochi."

Msije mkasema alitubu. Aliona tu kwamba hawezi kukaa katika duka moja na mtu aliyemzidi kazi na tena amzidi na utu.

Mzee akafuta dawa iliyomtiririka shavuni. "Basi meza ni ya Vidole," akasema, na akaenda nyuma kujilaza.

Bisibisi alianza kuondoa vitu vya baba yake kwenye meza ya mbele, kimoja kimoja, ili mwenye meza akae. Hakusikia ahsante. Aliposikia kitu, kilikuwa kitambaa kinatupwa mezani.

"Umefurahi sasa?" Vidole akauliza. "Kila siku nikirudi nyumbani mume wangu ananiambia dada yake angefanya hivi, dada angefanya vile. Nikipika, dada. Nikifunga mashine, dada. Leo mara moja tu, wifi, mara moja tu, nilitaka mimi niwe mwema na wewe uwe mbaya. Hata hilo umeninyang'anya."

Bisibisi akabaki na miwani ya mzee mkononi. Miaka mitatu alikuwa amekibeba kijiba kile akidhani ni mzigo wake peke yake.

"Kaka yangu anasema hivyo kweli?" akauliza.

"Kila siku ya Mungu."

"Mwongo mkubwa," Bisibisi akasema. "Hajawahi kunisifu mimi hata siku moja."