Mkono Nyuma ya Kiti

Nimechoka kusukumwa. Hilo watu wa mtaa wetu wa Kabiria wamelisikia kwangu hadi wamenichoka na mimi. Niko zangu kando ya njia nanunua nyanya, ghafla kiti changu cha magurudumu kinaondoka. Nani? Mtu mwema. "Pole mathe, wacha nikusaidie." Ananipeleka nisikokwenda! Mama mboga wa pale kwenye kona nilimfokea siku moja mbele ya wateja wake, akashika kiuno akasema, "Kweli asante ya punda ni mateke." Tangu siku hiyo hagusi kiti changu bila kuuliza.

Kwenye mbio si adabu tena, ni sheria. Sisi wa viti vya magurudumu matatu, tunaopiga ringi za gurudumu kwa glavu mpaka vidole vinakufa ganzi, mtu akikusukuma hata kidogo, umetoka. Ukichelewa mpaka barabara ifunguliwe kwa magari, umetoka vilevile. Miaka miwili mfululizo nilichelewa. Mara ya pili nilirudishwa mjini kwa lori, mimi na kiti changu katikati ya vizuizi vya barabarani na chupa tupu za maji. Mwaka huu nikajiambia basi, hii ni ya mwisho. Nina miaka hamsini na moja na mabega yamechakaa. Nilitaka medali moja tu ya kilomita arobaini na mbili, niitundike ukutani, ninyamaze.

Nilifanya mazoezi kwenye barabara ya Waiyaki Way kila Jumapili asubuhi, kutoka Kinoo kushuka. Kushuka nani hawezi?

Siku yenyewe tulipanda Waiyaki Way mara mbili kutoka mjini. Ile mara ya pili, mikono ilikataa. Sisemi iliuma, kuuma kulianza alfajiri. Ilikataa kabisa, na kiti kikaanza kurudi nyuma. Kando ya barabara kulikuwa na akina mama waliokuwa wakienda kanisani, wamesimama kutushangilia. Mmoja, kitambaa cheupe kichwani, akaingia barabarani. "Jameni! Mama wa watu anaumia na mnaangalia tu?" Nikasikia mkono nyuma ya kiti.

Mdomo wangu ulijua la kusema, umelisema miaka yote hii. Sikusema. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Hatua kama ishirini hivi, mpaka mlima ukalegea, akaniachia. "Enda na Mungu, mami," akasema. Hata asante sikumpa.

Nilivuka mstari zikiwa zimebaki dakika nne barabara ifunguliwe. Msimamizi wa viti, mwanamke aliyepigwa jua tangu asubuhi, alikuwa ameshika medali kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine. Kila wa kiti huulizwa swali lile lile kabla ya kuvishwa. Aliniuliza bila kuinua macho.

"Kuna mtu amekusukuma?"

"Ndiyo."

Akainua macho. "Aki mama. Hakuna mtu ameripoti."

"Mimi nilikuwepo."

Akairudisha medali kwenye sanduku na kuniuliza kama nataka maji. Nililia pale pale, sikujificha. Nililia kwa uchovu na kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumtupia. Yule mama wa kanisa alikosa nini? Kosa lilikuwa la mdomo wangu.

Mvua ilinyesha mchana, na nilipofika Kabiria jioni njia ya kwetu ilikuwa tope tupu. Mama mboga alikuwa akifunika vitu vyake kwa turubai. Alinitazama shingoni kwanza, pasipo medali, halafu usoni. Alipangusa mikono kwenye aproni, akaja akasimama mbele yangu nimwone.

"Nikusukume?"

Nikavua glavu, nikaweka mikono mapajani.

"Nisukume," nikamwambia, naye akanisukuma hadi mlangoni.