Nyuma ya Kilima Hiki

Mama yangu alinidanganya utoto wangu wote kuhusu umbali. Tukienda kwa bibi, kule milimani Upare, nikilalamika kuwa miguu inauma, alinijibu: "Ni hapo tu, nyuma ya kilima hiki." Nyuma ya kilima kulikuwa na kilima kingine. Kwa hiyo naomba nisihukumiwe kwa nilichomfanyia katika msitu wa Maryland, yeye akiwa na miaka sabini na mitatu.

Alikuwa amekaa nasi mjini kwetu Laurel miezi mitatu, na zilibaki siku tatu arudi Tanzania. Nilimsikia akimwambia dada yangu kwa simu: "Kwao ni pazuri, ila hakuna cha kutazama. Wanaishi kwenye gari." Iliniuma, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikaapa kwamba haondoki bila kuona kitu kimoja cha kusimulia. Nilikijua: ziwa moja, mwendo wa saa moja kwa gari, ukilitazama kutoka juu wakati majani yanapogeuka rangi. Ukishuka garini kuna njia ya miguu yenye vituo vitatu vya kulitazamia. Cha tatu ndicho chenyewe.

Tulikuwa watatu. Mama alivaa kanga mbili na raba za mke wangu, tulizozijaza soksi ili zimkae. Mimi nilibeba chupa ya chai. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alishika simu yenye ramani. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa adui yangu.

Kituo cha kwanza kilituonyesha kipande cha maji nyuma ya miti.

"Haya, ziwa tumeliona," Mama akasema. "Turudi."

"Lenyewe hasa ni hapo tu, Mama."

"Two more miles, Dad," binti yangu akasema.

"Anasema nini?"

"Anasema miti imependeza."

Binti yangu alinitolea macho. Nikamkonyeza, tukaendelea.

Majani mekundu na ya manjano yalifunika njia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mama aliyapiga teke, akasema ng'ombe wake wangeyalalia kwa raha. Kwenye kituo cha pili alikaa kwenye benchi, akanywa chai, akauliza kama ndiyo tumefika. Nikamwambia bado, ila ni hapo tu, nyuma ya kilima hiki. Sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeiba sukari.

Mzee mmoja wa Kizungu, na fimbo zake mbili, alipishana nasi akiteremka. Alitabasamu, akasema tumekaribia kabisa. Hapo nilimtafsiria Mama neno kwa neno.

"Huyu naye kwao ni Upare?" akauliza.

Kisha msitu ukafunguka ghafla, tukawa kwenye kituo cha tatu. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, limetulia, na vilima vyekundu vimelizunguka. Mama alifungua kanga ya kichwani, akajifunga upya, akaendelea kutazama.

"Maili mbili," akasema hatimaye. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini, wewe unadhani namba za Kiingereza zinanishinda?"

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa mbona ulinyamaza?" nikamwuliza Mama.

"Ningesema, ungenihurumia, ukanirudisha. Na mimi nilitaka kutembea na nyie."

Utani wote ukaniisha. Nikamwuliza swali nililokuwa nalikwepa tangu tukate tiketi yake: atarudi lini kutuona?

Alilitazama ziwa, kisha akaitazama miguu yake ndani ya zile raba kubwa.

"Mwanangu," akasema, "mbona ni hapo tu."

Binti yangu aliacha kucheka. Alitia simu mfukoni, akamshika bibi yake mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye gari.