Mahali Baba Alipoanguka

Baba yangu alizikwa Jumamosi, lakini mama alisema hajafika nyumbani. Alilisema kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, mbele ya mchungaji na waombolezaji wote, nami nikamvuta mkono kwa aibu. Siku ile nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa na pumzi, na yeye nilimjumlisha humo humo.

Kwetu ni kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, kwenye mteremko kabla hujafika njia ya kukata kwenda Kimilili. Nyumba iko upande mmoja na mahali pa kupeleka maziwa pako upande wa pili. Baba alikuwa anavuka asubuhi na baiskeli yake, mtungi wa maziwa umefungwa nyuma, gari likatoka kule juu likamgonga katikati kabisa ya barabara. Halikusimama. Hata leo hatujui lilikuwa la nani. Pedali ya baiskeli iliburutwa kwenye lami ikaacha mkwaruzo mweupe wa urefu wa mkono, na kwa huo mkwaruzo mama alijua hasa mumewe alipoangukia.

Katika ukoo wetu, mtu akifia njiani hatolewi mochari akaletwa nyumbani kama gunia la mahindi. Kwanza wazee huenda pale pale alipoanguka wakiwa na tawi la mti. Humwita kwa jina lake, humwambia twende nyumbani, kisha hutembea na lile tawi mpaka uani bila kugeuka nyuma. Mchungaji wetu huyaita hayo mambo ya giza. Mimi nafundisha fizikia katika shule ya upili huko Kitale, na sikuyaamini pia. Nilikwenda kwa sababu mama alikwenda.

Kabla ya mazishi tulisimama kando ya barabara karibu saa nzima tukingoja nafasi. Nafasi gani? Probox, nissan, malori ya mahindi, trela za miwa, pikipiki zimebeba watu wanne, yote yalikuwa yanashuka mteremko ule kana kwamba Bungoma inafungwa saa sita. Tawi lilikuwa kwa baba mdogo, mdogo wake baba. Aliweka mguu mmoja kwenye lami, honi zikamrudisha. Akajaribu tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu dereva alitoa kichwa dirishani akatuuliza kama tumelewa asubuhi yote hiyo.

"Hii balabala haina heshima," baba mdogo alisema. "Tumwitie tu hapa kando. Atasikia."

"Hakuanguka hapa," mama akasema. "Alianguka pale."

"Shemeji, si unaona vile ziko? Ama unataka tuzike wawili?"

Akamwita pale pale kwenye nyasi, harakaharaka, sauti yake ikimezwa na malori. Na tangu mazishi yaishe, kila asubuhi kabla ya kuvusha maziwa, mama alikuwa anasimama ukingoni mwa lami, vidole vya miguu karibu viguse mstari wa pembeni, anautazama ule mkwaruzo. Majirani walinipigia simu Kitale. Mama yako atagongwa, walisema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha hayo magari.

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi.

"Nimwache akae huko barabarani peke yake?" aliniuliza.

Na hapa ni lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu msibani. Nina gari dogo la mkopo. Kila Ijumaa nilipokuwa nakuja nyumbani, mteremko ule niliushuka kwa mia na zaidi. Umbali ambao gari linahitaji ili lisimame naujua kwa kichwa, maana ndio ninaoandika ubaoni kila mwaka, na vijana wananakili. Mama alikuwa akisema jikoni, chai ikiwa tayari, "Nimekusikia tangu ukiwa kule juu." Nami nilidhani ananisifu. Kweli nyani haoni kundule.

Basi nikaenda Bungoma, kwenye ofisi moja inayohusika na barabara, kuomba mwendo upunguzwe pale kwetu uwe hamsini na matuta yawekwe. Nilipelekwa mlango huu, nikapelekwa mlango ule, mpaka nikampata bwana mmoja mwenye shati safi sana.

"Wamekufa wangapi hapo?" aliniuliza.

"Baba yangu."

"Mwalimu, pole sana. Lakini nauliza ni wangapi?"

"Ni yeye."

Akaandika. Niliona alichoandika: moja, na duara akaizungushia. Akanieleza kwamba barabara kubwa haibadilishwi mwendo kwa sababu ya tukio moja, kwamba lazima pawe pamejulikana kuwa mahali pa hatari. Nilimuuliza wanaotakiwa ni wangapi ili pajulikane. Akasema tusiongee hivyo. Nilitoka pale nikiwa namchukia mpaka kola ya shati lake. Nilirudi mara mbili zaidi, na mara zote nilikuta duara lile lile.

Halafu, msimu wa mvua za masika, nissan iliyojaa watu na trela ya miwa zikakutana kwenye mteremko wetu. Sitaeleza niliyoambiwa na mama, aliyekuwa pale ukingoni akayaona yote. Miwa ilitapakaa hadi kwenye lango letu. Siku hiyo hiyo wakaja wakubwa wa kila aina, wakaja na kamera, wakatikisa vichwa. Hazikupita wiki tatu, kibao cha hamsini kikasimama juu ya mteremko na kingine chini, matuta mawili yakawekwa, rangi nyeupe ikapakwa. Yule bwana wa shati safi alikuwepo akisimamia. Alinisalimia kwa furaha, kama mtu aliyetimiza ahadi.

Madereva walilia wee! Chifu aliitisha baraza, na mmoja akasimama kusema, "Hamsini ni ya ng'ombe, bana. Ati tufike Kitale saa ngapi? Hao watu wa hapa si wajifunze tu kuvuka." Watu wakacheka. Hata watu wetu wenyewe, waliookota viatu vya maiti kwenye mtaro, wakacheka. Mimi nilisimama nikamwambia akae chini kabla sijamfundisha kuvuka. Chifu alinitoa nje.

Mama hakuja barazani. Alikuwa anatafuta tawi.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, sisi watatu tu: mama, baba mdogo na mimi. Mimi nilisimama juu ya tuta na leso nyekundu, nikiipunga. Magari yakaja, yakapunguza, yakapanda tuta moja moja. Lile la mbele likasimama, na yaliyo nyuma yakasimama. Mama akaingia barabarani na viatu vyake vya kanisa. Rangi mpya ilikuwa imefunika ule mkwaruzo, lakini hakuutafuta hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja akasimama mahali fulani, baba mdogo akampa tawi, ingawa kwa desturi mwanamke halishiki. Akamwita baba. Alimwita kwa jina lile la utotoni ambalo siliandiki hapa, kwa sauti kubwa, mara tatu. "Twende," akasema. "Umekaa hapa sana."

Mimi mwalimu wa fizikia nililia katikati ya barabara mbele ya watu wanaopiga honi.

Kisha akaanza kutembea na tawi kuelekea njia ya nyumbani, kwa hatua zake za miguu inayouma, na hakugeuka. Honi zilikuwa zinapigwa. "Songa mama! Songa!" Mtu mmoja alimtukana tusi la nguoni. Mama hakuongeza mwendo. Nilitembea nyuma yake nikiwatazama wote machoni, mmoja mmoja, na nilitamani yeyote ashuke tupigane. Hakuna aliyeshuka. Tulipoingia langoni, mama aliegemeza tawi kwenye kaburi, akaosha mikono, akaandaa chai. Hakusimama tena ukingoni. Alikuwa anavusha maziwa tu na kurudi.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa mwongo.

Jumatatu ya wiki mbili baadaye nilikuwa nimelala nyumbani kwa rafiki Bungoma, na nilikuwa na somo la kwanza Kitale. Nilichelewa. Nilikuwa nawaza mtihani wa kidato cha nne, nawaza mwalimu mkuu na daftari lake la mahudhurio. Nilirushwa na tuta la kwanza mpaka kichwa kikagusa paa, na hapo ndipo nilipotazama mshale. Ulikuwa umepita themanini. Mama alikuwa kando ya barabara na mtungi wa maziwa, mguu mmoja umeshaingia kwenye lami. Aliurudisha. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Jioni alinipigia simu. Nilianza kueleza kuhusu somo, kuhusu mwalimu mkuu, kuhusu matuta yasiyoonekana vizuri asubuhi. Aliniacha nikamaliza.

"Nilijua ni gari yako," akasema. "Nimeisikia tangu ikiwa mbali. Lakini sikujua kama itasimama."